Tepe Mbili na Spana

Siku ile Koplo Anifa alipowaamuru askari ishirini wageuke nyuma, kumi na mmoja waligeuka, wanne wakaenda kushoto, na watano waliobaki wakanyoosha moja kwa moja mpaka kwenye uzio wa kambi. Wakasimama pale, pua kwenye waya, wakisubiri mtu awaambie la kufanya. Hiyo ilikuwa kozi ya usajenti ya kwanza. Ya pili, miaka minne baadaye, hakuna aliyefika kwenye uzio, kwa sababu hakuna aliyesikia hata ile "mbele tembea".

Amri zenyewe alikuwa anazijua zote, hata ungemwamsha usingizini. Shida ilikuwa sauti. Anifa alikuwa anaongea kama mtu aliye kwenye chumba chenye mtoto mchanga aliyelala, na ukimwambia apaze, inatoka ileile, ila na jasho juu yake. Wakufunzi walimpeleka nyuma ya bwalo akapige kelele peke yake nusu saa. Akaenda, akarudi, akasema amepiga. Mlinzi wa bwalo akasema yeye hajasikia kitu.

Kwa hiyo akabaki koplo. Tepe mbili, na huu mwaka wa kumi na nane, kwenye bendi ya jeshi, yeye ndiye fundi wa vyombo. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linaloangalia ukuta. Ndani mlikuwa na meza ya mbao, jiliwa la kubania vyuma, mtungi mdogo wa gesi, na vyombo arobaini na sita ambavyo vyote alishawahi kuvifungua mpaka vikawa vipandevipande na kuvirudisha. Ukimletea tarumbeta anaipuliza mara moja, anafumba macho, halafu anakwambia ilianguka lini na ilianguka kwa upande gani. Wapigaji walikuwa wanamwogopa kidogo kwa hilo.

Sasa kwa utaratibu wa kikosi chao, koplo akifikisha miaka kumi na nane bila kupanda, anarudi uraiani. Miaka ya Anifa inatimia Desemba. Uraia wenyewe haukumtisha. Kilichokuwa kinamnyima raha ni ile meza. Huko nje nani ana vyombo arobaini na sita? Wapo wale wa matarumbeta ya harusi Kariakoo, lakini wao wanakuletea chombo kikiwa kimeshakuwa sufuria, wanataka kitoe sauti leo jioni, ya kesho watajua wenyewe. Mara mbili tatu aliwasaidia, na kila mara alirudi nyumbani kichwa kinamuuma.

Halafu mwezi wa nane ikaja barua.

Aliyeisoma asubuhi mbele ya watu wote ni Staff Sajenti Hillary, msimamizi wa bendi. Alikuwa mtu mrefu wa Machame, mpiga tarumbeta wa kwanza, mwenye sauti ambayo hata ukiwa ng'ambo ya barabara unajikuta umesimama mguu sawa. Akasoma kwamba makao makuu wameanzisha cheo kipya, cha majaribio, kinaitwa Fundi Mtaalamu. Ni cha askari anayeijua kazi yake sana. Mshahara wa sajenti, miaka ya utumishi ya sajenti, ila hapewi watu wa kuongoza. Alama yake tepe mbili na spana chini yake. Bendi imepewa nafasi moja, na atakayependekezwa atapimwa na jopo.

"Sajenti wa watu sifuri," akasema Staff Hillary akiikunja barua. "Na mimi zamu za lindo sina masajenti wa kutosha. Haya. Koplo Anifa, jina lako ndilo limeandikwa."

"Afande," akasema Anifa.

"Nini?"

"Nimesema afande, afande."

Watu wakacheka, na yeye akatazama viatu vyake.

Anifa alikuwa anakaa Mchafukoge, ghorofa ya tatu, na mama yake mdogo, Bi Mgeni, ambaye alimleta Dar kutoka Lindi akiwa darasa la tano. Bi Mgeni alikuwa anauza vitenge Mtaa wa Mhonda, na kila kitu alikipima kwa macho kabla ya kukigusa. Jioni ile alisikiliza habari ya cheo kipya akiwa anabandika maji ya ugali.

"Spana," akasema.

"Spana, ndiyo."

"Chini ya tepe."

"Chini ya tepe mbili."

"Sasa si watu watadhani jeshi limekutuma kubadilisha matairi? Mimi humu ndani nimeshawaambia wote mwanangu anakuwa sajenti. Mama Sitara kila tukikutana kwenye ngazi, vipi, tepe ya tatu? Nimwambie wamempa spana?"

"Mwambie ni sawa na sajenti."

"Kama ni sawa si wakupe tepe." Akakoroga. "Na utamwamrisha nani?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, mama mdogo. Ndiyo maana yake."

Bi Mgeni akageuka, mwiko mkononi, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni kama anavyotazama mteja kabla ya kukata kitambaa. "Basi hicho wamekishona kwa vipimo vyako," akasema.

Jopo likakaa Ijumaa iliyofuata pale Mnazi Mmoja, kwa sababu bendi ilikuwa inafanya mazoezi hapo kwa ajili ya sherehe ya Jumamosi ya wiki iliyofuata. Jopo lenyewe lilikuwa watu wawili: Staff Hillary, na Meja Elieshi kutoka makao makuu, mama mfupi mwenye miwani anayeandika kila kitu hata ambacho hujasema. Wakafungua turubai, wakaweka meza, na juu ya meza wakaweka tarumbeta moja ya akiba ambayo Staff Hillary aliiharibu makusudi sehemu tatu.

"Dakika thelathini," akasema Meja.

Anifa akatumia ishirini. Pistoni moja ilikuwa imegeuzwa, ya pili imewekewa springi isiyo yake, na kizibo cha kutolea mate kilikuwa kinavujisha pumzi. Akavirekebisha vyote. Halafu akaigeuza tarumbeta, akaigonga kwa ukucha karibu na shingo, akasikiliza, akatoa mfukoni kadi nyekundu na kalamu. Akaandika, akaifunga kwa uzi.

Hizo kadi zilikuwa ndiyo mamlaka pekee aliyokuwa nayo. Kwenye bendi yao chombo kikishafungwa kadi nyekundu hakipigwi na mtu, awe kuruta awe jenerali, mpaka fundi mwenyewe aifungue.

"Kuna ufa ndani ya kiungo," akasema. "Siwezi hapa. Unataka moto."

Meja akamgeukia mwenzake. "Na huo tuliuweka sisi?"

"Hapana, afande," akasema Staff Hillary. "Huo ulikuwemo."

Wakampa maksi hamsini na nane kwa sitini. Askari waliokuwa wamejipumzisha kwenye nyasi wakaanza kupiga makofi, kisha wakaacha, maana Staff Hillary alikuwa anafungua ukurasa wa pili.

"Sehemu ya pili," akasoma. "Kuamrisha na kuongoza kundi. Maksi arobaini."

Anifa alidhani amesikia vibaya. Akaitazama ile fomu kutoka upande wake, kichwa chini miguu juu, na pale juu kabisa akaona imeandikwa kwa herufi nzito: Usaili wa Sajenti.

"Fomu ndiyo hiyo," akasema Staff Hillary, aliyemwona anavyosoma. "Jipange."

Wakampa askari ishirini wa bendi. Ni watu waliokuwa wanampenda, na walikuwa wameshakubaliana kwa macho kwamba watageuka hata wasiposikia. Tatizo, hawakukubaliana wageuke wapi. Upande wa barabara alikuwa amesimama machinga wa dawa za wadudu na spika yake yenye tangazo la kurekodiwa, mende, kunguni, panya, papasi, haichoki wala haimezi mate. Anifa akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, akatoa amri. Koplo Godbless, mpiga tuba, aliyekuwa mbele, akamsoma midomo, akaamua ni kulia. Waliomfuata wakaenda naye. Mstari wa nyuma ukaenda kushoto. Wapita njia wakasimama kuangalia, mmoja akauliza kama ni maigizo. Askari wa nyuma walisema baadaye kwamba jina pekee walilolisikia vizuri siku ile ni la kunguni.

Maksi sita kwa arobaini.

"Sitini na nne," akasema Staff Hillary. Hakulisema kwa ubaya. "Kufaulu ni sabini, koplo. Pole."

Anifa alibaki amesimama. Alikuwa na la kusema, na lilikuwa fupi tu: hii fomu ni ya kazi nyingine. Sekunde tano zingetosha. Lakini kumwambia meja hivyo, mbele ya watu ishirini na wapita njia na yule wa kunguni, mdomo ukakataa kabisa. Mkono ndio uliokwenda mfukoni. Akachuchumaa, akaandikia kwenye goti, akasimama, akasogea mezani, akaifunga kadi nyekundu kwenye kibanio cha ile fomu, mafundo mawili kama kawaida yake.

Staff Hillary akatoa macho. "Koplo. Una akili timamu wewe?"

Meja Elieshi akaivuta fomu karibu, akasoma kwa sauti. "Kifaa: fomu. Hitilafu: imetengenezwa kupima sajenti. Kisitumike mpaka kirekebishwe." Akavua miwani. "Staff, kadi nyekundu ikishafungwa inakuwaje?"

"Chombo hakitumiki, afande. Lakini hiyo ni karatasi."

"Tulikuwa tunaitumia kufanya nini?"

"Kupima."

"Rula ni kifaa?"

Mtu mmoja kwenye nyasi alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Fomu ya cheo hiki haijaandikwa," akasema Meja, sasa akimtazama Anifa. "Walituachia sisi jopo tuandike wenyewe, juu wanataka matokeo na sahihi yangu tu. Nikaona uvivu, nikachapa hii ya zamani. Kosa langu. Haya niambie, chombo kikiwa na kadi anakirekebisha nani?"

"Fundi, afande."

"Sijasikia."

"Fundi."

"Basi kirekebishe. Jumatatu saa mbili asubuhi nataka fomu mpya mezani kwangu. Jumatano tunapima upya. Na maksi za leo zimefutwa zote, hata zile hamsini na nane. Usije ukadhani nimekupendelea."

Jumamosi Anifa akaenda Kariakoo. Kila alipoishiwa vijiti vya kuchomelea alikuwa anavifuata kwa Melkiori, Mchaga mwenye duka la vipuri vya friji, kwa sababu mafundi friji na yeye moto wao ni mmoja. Duka lilikuwa jembamba kama ujia, kompresa zimepangwa mpaka darini, na Melkiori mwenyewe amekaa katikati na kikombe cha chai ambacho hakijawahi kuonekana kikiisha.

"Shikamoo, Mangi."

"Marahaba, fundi. Vijiti?"

"Vitano." Akasubiri avihesabu. "Mangi, wewe fundi mzuri unamjuaje?"

"Wa nini?"

"Wa chochote."

Melkiori akacheka. "Una mchumba fundi friji? Niambie jina nikutolee siri zake."

"Nimepewa kazi ya kuandika."

"Aa." Akanywa chai, akafikiri kidogo. "Sikiliza. Fundi mbaya hana tatizo na mimi. Nikimpa kompresa mbovu anabeba, anaenda kuifunga, ikifa baada ya wiki anamwambia mteja umeme wa kwenu mchafu. Tunaelewana vizuri sana. Fundi mzuri ni msumbufu. Anaisikiliza hapahapa, anairudisha juu ya kaunta mbele ya wateja. Mangi, hii mbovu. Yule Ansbert wa mtaa wa Gerezani siku moja alinirudishia sita. Sita, duka limejaa watu. Tulinuniana mwezi mzima, nakwambia, nikimwona nageukia ukuta. Halafu friji ya kwangu ikafa na nyama ya sikukuu ndani. Unadhani nilimpigia nani?"

"Ansbert."

"Nani mwingine?" Akamfungia vijiti kwenye gazeti. "Andika hivyo. Mtu anayeweza kukukasirisha na bado unampigia simu."

Anifa akatoka na vijiti vyake, lakini hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alizunguka mtaa mzima mara mbili, kwa sababu alikuwa amekumbuka tarumbeta ya Staff Hillary.

Mwezi wa tano mwaka jana, wakati anaipaka mafuta, aliona madoa mekundu mekundu kwenye lile bomba la mdomoni, pale pumzi inapoanza kuingia. Madoa yale anayajua kila anayegusa shaba. Maana yake mate yameshaila kutoka ndani, bomba limekuwa kama karatasi, na dawa yake ni moja tu, kukata na kuweka jingine. Staff Hillary aliipenda ile tarumbeta kuliko alivyopenda watu wengi. Ameipiga miaka kumi na tano na hamruhusu mtu kuibeba. Siku ile Anifa aliitazama, akamsikia nje akimfokea mtu kwa kuchelewa zamu, akaona hapana, leo siyo siku. Mwezi uliofuata pia haikuwa siku. Akanunua rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, hapohapo Kariakoo mtaa wa pili tu kutoka kwa Melkiori, na tangu hapo kila mwezi anapaka tabaka jembamba juu ya madoa ili pumzi isivuje. Akimrudishia, Staff anauliza, iko sawa? Na yeye anasema, iko sawa, afande.

Jumapili mchana akaketi mezani nyumbani na karatasi mbili. Bi Mgeni alikuwa upande wa pili anakunja vitenge. Kutambua hitilafu, Anifa akaandika, maksi ishirini na tano. Kurekebisha, thelathini na tano. Hapo ikawa sitini. Akakaa na kalamu muda mrefu, halafu akaandika la tatu kwa haraka kama mtu anayejirusha majini: Kumkatalia mkubwa wake chombo kibovu. Arobaini.

Bi Mgeni akainamia karatasi. "Hiyo ndiyo nini?"

"Kusema hapana kwa mwenye cheo."

"Wewe?"

"Fundi yeyote."

"Anayepimwa Jumatano ni fundi yeyote au ni wewe?" Bi Mgeni akaweka kitenge chini. "Mwanangu, umepewa mkasi na kitambaa ujikatie mwenyewe, halafu unakata nguo ambayo haikuingii. Kwa nini arobaini? Weka tano."

"Nikiweka tano, itampitisha mtu yeyote."

"Si ndicho tunachotaka?"

"Hata anayefunga kompresa mbovu."

"Kompresa zimetokea wapi tena?"

Anifa akaipigia mstari ile arobaini. Wala hakupunguza. Bi Mgeni akaguna, akaendelea kukunja, lakini baadaye alipokuwa anapita alisoma tena ile karatasi, akasema mwandiko angalau ni mzuri.

Jumatano jopo likahamia karakana. Kutambua na kurekebisha kulichukua saa nzima, tromboni safari hii, na Anifa akapata hamsini na saba kwa sitini. Tatu alikatwa kwa sababu alitengeneza kitu ambacho hakuombwa. Meja Elieshi akasukuma miwani juu.

"Sasa hii ya tatu. Tunaipimaje?"

"Nimeleta changu," akasema Staff Hillary.

Akaweka kasha juu ya meza, akalifungua mwenyewe, akatoa tarumbeta yake na kuilaza juu ya kitambaa. "Mimi ni mkubwa wake, na hiki ni chombo changu. Hiki hakina ubovu, yeye mwenyewe ananiambia kila mwezi. Akiwa fundi wa kweli atasema hakina kitu. Akinitafutia kosa la kubandika ili apate maksi, mimi nitajua. Nimekaa nacho miaka kumi na tano."

Anifa akaitazama tarumbeta. Ilikuwa inang'aa, na aliyeing'arisha ni yeye. Ile rangi ya kucha ilikuwa imekaa vizuri kiasi kwamba bila lenzi huoni kitu. Akisema iko sawa, Staff atafurahi, Meja atapiga hesabu ya maksi, Desemba itapita, na meza itabaki. Akisema siyo sawa, ataonekana anatafuta maksi, na atakayegundua kwamba hatafuti maksi atagundua na lile jingine, kwamba muda wote alikuwa anamficha. Alihesabu pistoni. Zilikuwa tatu, kama siku zote.

Akavuta droo, akatoa pamba na chupa ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Akalowesha, akaanza kufuta lile bomba taratibu, kuanzia kinywani kwenda mbele. Harufu ikajaa chumba. Alipomaliza akachukua lenzi, akaiweka juu ya shaba, akasogea pembeni ili Staff Hillary apite.

Staff akainama. Akakaa ameinama muda mrefu.

"Hii nini?"

"Imeoza, afande. Kutoka ndani. Ukiipiga kwa nguvu Jumamosi inaweza kutoboka hapo, katikati ya wimbo."

"Toka lini?"

"Mwezi wa tano."

"Mwezi wa tano huu?"

"Mwaka jana, afande."

Meja akaacha kuandika. Staff Hillary akanyooka, na kwa mara ya kwanza tangu Anifa amfahamu, akaongea kwa sauti ya kawaida. "Mwaka na miezi. Na hii niliyokuwa naipiga?"

"Nilikuwa napaka rangi ya kucha."

"Rangi ya kucha."

"Ndiyo, afande. Kila mwezi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuogopa."

Nje mtu alikuwa anafanya mazoezi ya ngoma ndogo, anakosea palepale kila mara. Anifa akatoa kadi nyekundu, akaandika tarehe ya leo, akaifikiria, akaandika chini yake na tarehe ya mwaka jana. Akaifunga kwenye tarumbeta. Kilichobaki cha kuogopa kilikuwa kimeshatokea.

"Staff," akasema Meja Elieshi. "Maksi ni zako."

Staff Hillary akachukua kalamu, akaitazama ile fomu ya mwandiko mzuri. "Huu uongo wake angeweza kuuacha ulivyo," akasema, kama anaongea na karatasi. "Nisingejua mpaka Jumamosi. Hapo nampa zote. Lakini chombo kibovu aliniachia mwaka mzima. Hapo simpi hata moja." Akaandika, akakata, akaandika tena. "Kumi na sita."

Meja akajumlisha pembeni. "Sabini na tatu."

Anifa alikuwa ameshajumlisha kabla yake, ila alisubiri aisikie.

"Jumamosi napiga nini mimi?" akauliza Staff Hillary.

"Ile ya akiba, afande. Ufa wake nimeshauchomelea."

"Ile inalia kama bati."

"Ndiyo, afande."

"Na hii yangu itachukua muda gani?"

"Wiki tatu. Bomba lenyewe lazima litafutwe."

"Ifanye moja." Hiyo ilikuwa amri, na aliitoa kama amri, ile sauti yake ikiwa imerudi yote. Ngoma ya nje ikanyamaza.

"Tatu, afande," akasema Anifa.

Alisema vilevile anavyosema siku zote, kwa hiyo Staff Hillary ilibidi asogee na kuinamisha kichwa ili asikie, na alipokuwa ameinama vile akarudia kumwuliza, na yeye akarudia kumjibu. Wiki tatu.

Staff akasaini, akamsukumia Meja fomu. Meja naye akasaini, akakusanya karatasi zake, akaaga. Staff Hillary hakuondoka. Alisimama karibu na mlango, mikono nyuma, akiangalia tarumbeta yake na ile kadi, na mwishoni akauliza kama anaweza kukaa atazame ikifunguliwa.

Anifa akamsogezea kiti. Akamwambia anaweza, ila asiguse kitu.